Jante Iliyobaki Tutaona

Ndugu zangu wa Manika, tangu nirudi hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kama nimekonda. Nimekonda, asanteni. Kila anayenikuta njiani anauliza jambo moja tu: jante iko wapi? Nimejibu mlangoni pa kanisa, nimejibu sokoni, nimejibu nikiwa juu ya pikipiki ya taxi-moto huku nikipiga kelele kuushinda upepo, na kila mara habari imekatika katikati kwa sababu ni ndefu. Basi naiandika yote kwa mara moja. Someni, kisha mniache nile kwa amani.

Kwa wale ambao hawanijui: mimi ni pasta, ila wengi bado wananiita Tata Kwado. Kwado ni kile kibanda cha kuziba matairi mnachokiona kando ya barabara zetu, na mimi nilikuwa nacho kwa miaka mingi. Mbele ya kibanda nilitundika jante, ile rimu nzito ya chuma ya gurudumu la lori, ili dereva aone kwa mbali kwamba hapa kuna msaada. Nilipofunga kazi ile na kuingia katika utumishi, niliichukua jante ikawa kengele yangu ya kanisa popote nilipotumwa, kama makanisa mengi ya kwetu yanavyofanya. Unaitundika, unaigonga kwa chuma, watu wanajua ibada inaanza.

Wazee wa kanisa letu walikuwa wamekwisha kunituma kuanzisha kanisa mara mbili, na mara mbili nilirudi mikono mitupu. Karibu na Nzilo nilipewa kiwanja kando ya vyoo vya soko na nikahubiria mbuzi. Penye reli nilipata waumini wachache, wakahamia kwa jirani aliyekuwa na gitaa la umeme. Safari hii wazee waliongea nami kwa upole, na upole wao ndio ulionitia hofu. Walisema kuna kambi ya wachimbaji mbele ya Mutshatsha, inaitwa Tutaona, haina kanisa wala shule. Niende nijaribu. Nikishindwa na huko, basi nitulie Manika, nitunze funguo za chumba cha viti. Sina neno na funguo wala viti, lakini sikufunga kwado yangu ili nitunze viti.

Manika hadi nje ya mji

Mke wangu, Mama Ngoie, alinifungia bukari baridi, ugali wetu, na samaki wa kukaanga, akanitazama nikiibeba jante hadi barabarani, akacheka mpaka akashika ukuta. Madereva wa taxi-moto walinikataa mmoja baada ya mwingine. Aliyekubali aliifunga jante nyuma, nami nikakaa kati yake na hicho chuma, na kila shimo la barabarani lilinikumbusha kwamba kipo.

Alinishusha penye lori. Lilikuwa likienda Mutshatsha kuchukua makala, yaani makaa ya kupikia, kwa hiyo lilikwenda limejaa magunia matupu na sisi abiria juu yake. Dereva, Tata Kazadi, alisema tunaondoka sasa hivi. Kisha alienda kutafuta buloni moja ya kukazia gurudumu, akarudi na buloni na harufu ya nyama ya kuchoma, na jua lilikuwa limevuka utosi tulipotoka. Tulipita vilima vya udongo wa migodi, tukapishana na malori makubwa ya madini, na vumbi jekundu lilitupaka sote rangi moja hata sikujua tena nani kijana nani mzee.

Karibu yangu alikaa mama mmoja mwenye vikapu vya samaki wa chumvi. Alijitambulisha kuwa Mama Yumba, mfanyabiashara, na nilipomwambia ninakwenda Tutaona alifurahi, kwani ndiko alikokuwa akienda kuuza. Aliitazama jante kwa muda mrefu. Akaipapasa ukingoni kwa kidole, akaipima uzito kwa macho.

"Tata Pasta, na iyi unapelekea bantu ya kule?"

Nikasema ndiyo, ni yao.

"Mungu akubariki. Tunaingojeaka sana," akasema, na akanikatia kipande cha samaki.

Nilikula samaki wale nikijiambia kwamba hatimaye nimepata watu wenye kiu ya neno. Sikumweleza jante ni ya nini, maana nani asiyejua jante ya kanisa? Na yeye hakuniuliza, kwa sababu hiyo hiyo. Kila mmoja wetu alikuwa na hakika yake, tukasafiri nazo bega kwa bega.

Pale tairi lilipopasuka

Hatukuwa tumefika hata nusu ya njia tairi la nyuma likapasuka. Tata Kazadi alishuka, akalizunguka lori, akapanda tena hadi nilipoketi, akaninyooshea kidole. Mtu anayesafiri na jante, alisema, hawezi kukosa kujua kazi. Nilijaribu kumwambia kwamba siku hizi mimi ni pasta. Alinijibu kwamba upasta wangu hauna shida, nilete tu mikono.

Sitadanganya, nilifurahi. Nilivua shati, nikaomba kipande cha mpira wa ndani wa tairi, moto kidogo na watu wa kushika. Tukalikalisha lori juu ya mawe, na vidole vilikumbuka vyenyewe. Abiria walikaa kando ya njia kwenye majani makavu, hawana la kufanya, na mimi nikikaa na watu wasio na la kufanya huwa siwezi kunyamaza. Nikaanza kuwahubiria huku nikisugua kiraka.

Maana ndivyo nilivyoanza, ndugu zangu, na wengine mnakumbuka. Sikuota ndoto wala kusikia sauti usiku. Nilikuwa na Biblia kwenye sanduku la nyundo, na madereva waliokuja kwangu walilazimika kungoja kiraka kishike. Nikawa nawasomea. Mwanzo walikuwa wananyamaza kwa adabu, kisha wakaanza kuuliza maswali, kisha wengine wakawa wanakuja hata matairi yao yakiwa mazima. Wazee wa kanisa walisikia, wakaja kuona, wakasema huyu ana kipawa. Labda kweli kipo. Ila wasikilizaji wangu wa kwanza hawakuwa na gurudumu, na mtu asiye na gurudumu hakimbii.

Jambo hilo sikuwa nimewahi kuliwaza hivyo mpaka Tata Kazadi aliposema. Alikuwa amejilaza kivulini chini ya lori, nadhani amelala, kumbe anasikiliza.

"Pasta, weye unahubiri muzuri sana," alisema, "kama motokari iko yulu ya mawe."

Abiria wote walicheka na mimi nikacheka nao. Lakini lilinichoma. Nzilo watu walikuwa na miguu yao, wakaitumia. Penye reli vilevile. Kutoka pale hadi Mutshatsha nilikaa juu ya magunia kimya, jambo ambalo Mama Ngoie hataliamini.

Mutshatsha, na kuku wa bure

Tulifika tumechoka, tukalala kwa dada yake Mama Yumba, nyumba ya matofali karibu na reli. Asubuhi nilitaka kuendelea mara moja, lakini njia ya Tutaona haipitiki na lori. Watu na mizigo huenda kwa baiskeli, na wasukuma baiskeli walikuwa hawajarudi na makala. Wakirudi watapumzika. Wakipumzika watakunywa. Tukangoja.

Chakula cha pale sina la kukilalamikia, isipokuwa kimoja. Dada yake Mama Yumba alinipikia binkubala, viwavi wa porini waliokaushwa, wakaangwa na nyanya. Nyote mnajua kwamba mimi na viwavi hatusemezani. Nilikula bukari nikiwasukuma viwavi ukingoni mwa sahani taratibu, na mama huyo alipoona sahani yangu ina viwavi tu, alidhani nimewabakiza mwisho kwa sababu nawapenda sana, akaniongezea. Niliwala wote. Ukiwatafuna haraka si wabaya.

Lililonishangaza ni majirani. Mama Yumba alikuwa amewatangazia kwamba pasta amekuja na jante ya Tutaona, wakawa wanakuja mmoja mmoja uani kuitazama. Wanaigonga kwa ukucha, wanatega sikio, wanatikisa kichwa. Mzee mmoja aliniamkia kwa mikono miwili. Mama mwingine, amefunga kitambaa cheusi kichwani, aliweka kiganja chake juu ya jante akakiacha pale muda mrefu, machozi yanamtoka bila sauti. Jioni yake alirudi na kuku jike mnono, akaniwekea miguuni, akaondoka bila hata kuniambia jina.

Nzilo hakuna aliyeilia jante yangu. Nilimwambia Mama Yumba kwamba watu hawa wana moyo wa ajabu. Akasema wamepitia mengi. Nikaitika kichungaji, nikala paja la kuku, nikaanza kupanga kichwani hotuba nitakayowatolea wazee nikirudi. Ilikuwa hotuba nzuri, yenye unyenyekevu mwingi.

Kwa baiskeli hadi Tutaona

Wasukuma baiskeli walipokwisha kupumzika na hayo mengine, tuliondoka. Samaki walipanda baiskeli, jante ikapanda baiskeli, mimi na Mama Yumba tukatembea. Njia inapita kwenye miti myembamba ambayo nusu imekwisha kuwa makala, inashuka mabondeni penye matope, inapanda tena. Tumbo langu, ambalo Manika ni la heshima, kule lilikuwa mzigo kama mizigo mingine.

Tutaona unaisikia kabla hujaiona: redio, nyundo, watu wanaitana. Kisha yanaanza maturubai ya bluu na meusi yaliyopandana juu ya udongo uliogeuzwa, na kati yake mashimo, mengine hayazidi upana wa meza. Wachimbaji wanatoka kila upande wa nchi. Nilisikia Kiluba, Kilunda, Kibemba na Lingala kabla sijapata pa kuweka mfuko wangu.

Kila shimo lina mkuu wake, wenyewe humwita pedeje, na mapedeje wote wana mmoja wanayemsikiliza. Alikuwa Pedeje Kabongo, mwanamume mfupi mwenye kofia ya sufu na sauti ya chini. Alinipokea bila kutabasamu. Aliniuliza nani amenituma, nina nini cha kuuza, na nitakaa mpaka lini. Nikaona Nzilo inarudi. Ndipo baiskeli ya jante ikafika. Aliitazama, akaokota jiwe, akaigonga mara moja kwa upole. Ilitoa ile sauti yake safi inayokaa masikioni. Kabongo alisimama akiisikiliza mpaka ikaisha yote.

Mambo yakabadilika papo hapo. Walinipa turubai la kulala. Walinipa kiwanja, na si kando ya vyoo. Kilikuwa katikati kabisa ya kambi, penye nguzo nene, mashimo yameizunguka pande zote. Kabongo alitaka jante itundikwe siku ileile, ikatundikwa, yeye mwenyewe akikaza waya. Nilimwambia tutaanza kuitumia Jumapili. Alinikazia macho.

"Dimanche? Na kama ni lundi?"

Ndugu zangu, kusikia anataja Jumatatu nilifikiri anaomba ibada za katikati ya wiki. Nilimshika mkono nikamhakikishia kwamba siku yoyote watakayohitaji, mimi niko tayari. Akasema vizuri. Mimi nikasema vizuri. Usingizi wangu wa siku hiyo ulikuwa mtamu.

Jumapili

Tutaona Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine. Jua lilipokwisha panda kidogo, nilivaa koti langu, nikaosha viatu, nikachukua kipande changu cha chuma, nikasimama kwenye nguzo. Niliomba kimoyomoyo. Nilimwambia Bwana kwamba sitaki viti, nataka watu. Kisha nikaipiga jante kwa nguvu zangu zote.

Sijawahi kuona watu wakiitika hivyo. Kambi nzima ilisimama. Maturubai yalifunguka, sufuria zikaachwa motoni, watu wakaanza kukimbia, wanaume, wazee, hata wauza mikate. Nikaongeza. Nilipiga kwa mikono yote miwili.

Wakanipita. Walinipita kulia na kushoto bila kunitazama, wameshika makoleo, beseni na kamba, wakikimbilia mashimoni. Wachimbaji walianza kuibuka ardhini, uso na nywele zote tope, wakihema. Akina mama walikimbia mpaka penye mstari wa mawe ambao kwa desturi yao mwanamke hauvuki, wakakaa chini hapohapo, mikono kichwani. Mmoja alikuwa akiita jina la mtu, lilelile tu, bila kupumzika. Nilikuwa bado nimeshika chuma hewani. Mkono uliacha kupiga wenyewe.

Kabongo alikuwa akitoka shimo hadi shimo akiita watu kwa majina, na kila shimo lilijibu. Lilijibu hata la mwisho. Kisha wote wakageuka kunitazama.

Kabongo alinijia polepole. "Shimo gani?" akauliza.

Nilisema hakuna shimo. Nilisema ni ibada.

Hakuna aliyecheka. Mama Yumba aliinuka pale penye mawe akaja hadi kwangu, na sijamwona mtu aliyefadhaika kwa ajili yangu namna ile. Alisema polepole, kama unavyosema na mtoto mgonjwa.

"Tata Pasta, huku chuma haiitake bantu ku maombi. Inaitaka bantu kutosha bandugu yabo chini ya bulongo."

Nikaelewa yote kwa pamoja: samaki, majirani, kiganja cha yule mama wa kitambaa cheusi. Nikamkumbuka kuku. Hawakuwa wameona kengele ya kanisa. Waliona chuma cha kuita waokoaji shimo linapoporomoka, na mimi mtu mwema aliyewaletea. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nilitamani lori la Tata Kazadi lingekuwa pale, hata bila tairi.

Mama aliyekuwa akiita jina alikuwa amempata mtu wake. Alikuwa amemshika masikio yote mawili, kijana mwenye ndevu, anamtikisa huku analia. Nilikwenda mbele yao nikapiga magoti kwenye udongo, koti na yote, nikaomba msamaha kwa sauti ili kila mtu asikie. Nilisema sikujua. Walisikiliza. Kisha Kabongo akanieleza sheria yao, na akaieleza bila hasira. Anayepiga chuma bure anashuka shimoni mwenyewe, mbele ya wote, ili ajue watu walikuwa wanakimbilia nini.

Chini

Mnajua kwamba mimi hata kisima siangalii. Nilitazama ule mdomo wa shimo, nikatazama tumbo langu, na nikatumaini kwa dhati kwamba havitalingana. Mchimbaji mmoja alinipima kwa macho akasema ninapita vizuri tu. Walinivua viatu. Wakanifunga tochi kwenye paji la uso kwa ukanda uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa tairi, na ule mpira, harufu yake, ndio kitu pekee nilichokifahamu mahali pale. Nilishukuru kwa ajili yake.

Kabongo alitangulia. Hakuna ngazi. Kuna vijishimo vilivyochongwa ukutani vya kuweka vidole vya miguu, na kamba. Yeye alikuwa chini yangu akishika miguu yangu mmoja mmoja na kuiweka mahali pake, akisema, "Hapa, papa. Sasa hapa." Mimi, mtu wa kuomba kwa ufasaha, niliomba kwa neno moja tu njia nzima, na neno lenyewe lilikuwa "basi". Udongo ulinigusa mgongo na tumbo kwa pamoja. Kule juu mwanga ukawa kama sahani, kisha kikombe.

Tulipofika tulikaa, maana kusimama haiwezekani. Kulikuwa na joto, na hewa nzito yenye harufu ya jasho. Kabongo aliniacha nipumue. Kisha aliangaza tochi kwenye tundu jembamba lililoingia pembeni, njia ya kufuatia madini, akasema huko ndiko mdogo wake alikofia. Udongo ulianza kushuka, walio juu wakaona nyufa, wakagonga chuma chao. Chuma chenyewe kilikuwa jembe bovu. Watu wa kambini walisikia wakaja. Walio chini kule ndani hawakusikia kitu, waliendelea kuchimba. Yule mama wa Mutshatsha mwenye kitambaa cheusi ni mama yao.

Niligeuza tochi yangu kwenye lile tundu.

"Leo bantu ya mule ndani bote balitoka," Kabongo akasema. "Balisikia jante yako. Ya kwetu habasikiake."

Kisha akaniuliza kama nitaiacha.

Niliwaza mengi kwa haraka. Niliwaza kibanda changu na miaka yote ile jante iliyoning'inia mbele yake. Niliwaza wazee wa Manika, na kanisa lisilo na kengele, tena kanisa lenyewe bado halipo, na funguo za chumba cha viti. Nikawaza pia maneno ya Tata Kazadi, na nikaona kwamba safari hii gari lililopandishwa juu ya mawe lilikuwa langu. Mtu mwingine ndiye aliyekuwa anasema, na mimi sikuwa na mahali pa kukimbilia. Nikasikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwambia kwamba jante ni yao.

Kabongo hakushukuru. Alifuta uso kwa kofia yake, akakaa nayo usoni muda kidogo. Nami nikamwombea mdogo wake, maneno machache, na yeye akaitika amina.

"Na weye, bantu ya kanisa utabaita na nini?" akauliza baadaye, tukijiandaa kupanda.

Nikasema sijui. Nikasema Tutaona kuna makelele mengi, sauti yangu haitoshi, na chuma sitagusa tena. Alifikiri. Nilidhani anatafuta mahali pa kuweka mguu.

"Siku ya dimanche, jante ikinyamaza mpaka jua inapanda, shiye bote tuko bazima," akasema. "Iyo njo kengele. Tutakuya."

Jumapili nyingine, kisha nyumbani

Nilibaki wiki nzima. Nilizibia watu ndoo, nikakata mikanda ya tochi kutoka mipira mibovu, kazi ninayoiweza, na nilikula kwa Mama Yumba, ambaye aliwaeleza wateja wake wote jinsi nilivyopanda kutoka shimoni: anasema ulitangulia kuonekana upara, kisha mgongo, halafu ikabidi kungoja. Watu walinitania. Yule kijana mwenye ndevu alinionyesha masikio yake kila tulipokutana. Nilianza kupapenda.

Jumapili ilipofika niliamka mapema nikakaa chini ya nguzo, juu ya kichwa changu ile jante, mikono yangu nimeikalia. Sikuwa nimewahi kusikiliza namna ile. Kila kishindo cha nyundo kilinipasua moyo. Redio ililia, mtu akaangusha sufuria, nikaruka. Jua lilipanda kidogo kidogo, na jante haikutikisika. Niliomba isilie, maana kimya chake ndicho kilikuwa kengele yangu. Nimeipiga jante ile miaka mingi nikiomba watu wasikie, na sasa nilikuwa naomba kinyume chake kwa moyo wangu wote.

Wa kwanza kuja alikuwa yule mama wa kijana mwenye ndevu, akimvuta kwa mkono. Kisha Mama Yumba. Kisha Kabongo na kofia yake, na nyuma yake wachimbaji, nguo zao zilezile za kazi, tochi bado zimefungwa kwenye paji, wakaketi kwenye udongo kunizunguka. Sikuwahesabu. Kila mmoja alikuwa na miguu yake, na njia zilikuwa wazi pande zote. Nilikuwa nimeandaa mahubiri marefu. Niliyaacha. Tulishukuru tu, kila mtu akitaja waliotoka salama wiki ile, na shukrani zilichukua asubuhi yote.

Kurudi sitawachosha. Mutshatsha nilikwenda kumwona mama wa kitambaa cheusi, nikamwambia jante imetundikwa na inasikika mpaka ndani. Nilitaka kumlipa kuku, akakataa, akanipa mwingine. Tata Kazadi alinipakia bila jante, akaangalia magurudumu yake kwa wasiwasi, na njia nzima hakuna tairi lililopasuka.

Wazee wa kanisa walinisikiliza hadi mwisho. Mmoja wao, mtu wa utaratibu, aliuliza kama kanisa hilo lina kengele. Nikasema linayo. Akauliza kama inasikika vizuri.

"Tunaomba isisikike," nikasema.

Wamenirudisha. Tutaondoka mimi na Mama Ngoie mvua zikipungua, na funguo za viti wamempa mwingine. Basi hapo ndipo jante ilipo, msiniulize tena. Siku hizi Jumapili naamka kabla ya kengele yetu, nasimama uani nimeelekea upande wa Mutshatsha. Ni mbali mno, hata iwe nini siwezi kusikia. Nasikiliza tu mpaka jua lipande, kisha naingia ndani kuvaa viatu.